Kabla hujachukua fomu ya udiwani, kaa chini na kalkuleta

Juzi kijana mmoja hapa kijiweni kwetu kaniambia 2030 anagombea udiwani. Nikamuuliza ukipata utafanya nini, akanijibu bila hata kupepesa macho, "Kaka, kule kuna hela." Sikumcheka. Nikamwambia subiri hapo hapo, nikaingia ndani nikatoa kaunta buku moja limechakaa, gamba limegandishwa na selotepu, nikampa asome. Alisoma kurasa kama nne hivi, akanirudishia, akaagiza kahawa nyingine.

Hilo daftari ni la mjomba wangu. 2015 aligombea udiwani kata moja huku mkoani Morogoro, kata sitaitaja na chama sitakitaja, na mi ndo nilikuwa mshika pesa wake, yaani kila shilingi iliyotoka ilipita mkononi kwangu na nikaiandika. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, sementi, misumari, mabati, mtu anayejiweza kiasi chake. Tulianza na kura za maoni ndani ya chama, na hapo ndo nilipojua siasa kwa jina lake halisi. Mafuta ya bodaboda. Wali wa wajumbe. Spika za kukodi. Alafu kuna kitu kinaitwa "nauli", hii nauli mtu anapewa hata kama anakaa nyumba ya tatu kutoka pale kwenye mkutano na amekuja na ndala. Nchi hii tuliwahi kuwa na takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura, kabisa ndani ya sheria, iliwekwa 2000, Mahakama Kuu ikaifuta 2006, alafu 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ambayo ukiisoma utadhani hakuna Mtanzania aliyewahi kula pilau la mgombea. Vitu viliisha kwenye makaratasi, kwenye sufuria vikabaki.

Mpaka anaapishwa nilikuwa nimeandika 23,460,000. Kiwanja kimoja kiliuzwa, mkopo ulichukuliwa, na mtaji wa duka ukaliwa karibu nusu.

Sasa njoo upande wa mapato. Diwani halipwi mshahara, analipwa posho, na enzi hizo ilikuwa 350,000 kwa mwezi, ukijumlisha na za vikao ambavyo havikai kila siku. Chukua 350,000 zidisha miezi 60. Ni milioni 21. Usiku ule tulipopiga hiyo hesabu mezani kwake mke wake alikuwa anachambua mchele, akasimamisha mkono, akauliza, "Kwaiyo mmenunua kazi kwa bei kubwa kuliko mshahara wake?" Hatukuwa na jibu. Mjomba akasema tukalale.

Na hiyo 350,000 yenyewe ilikuwa inalipwa na halmashauri kutoka mapato yake ya ndani, kwaiyo makusanyo yakiyumba na we unayumba, kuna wakati alikaa miezi mitatu hajaona kitu na huku watu wanamwita mheshimiwa. Hili la kuchelewa angalau lilikuja kuguswa, kuanzia bajeti ya 2021/22 serikali kuu ikabeba posho za madiwani kwenye halmashauri zenye mapato madogo. Ila mjomba alikuwa ameshatoka.

Lakini ngoja nikwambie kilichommaliza, maana sio kampeni. Ni benchi.

Kibarazani kwake palikuwa na benchi la mbao, refu, watu watano wanakaa bila kubanana. Saa kumi na mbili asubuhi limeshajaa. Mi nilikuwa naandika tu, na ukifungua mwezi Machi 2017 unakuta hivi: msiba kwa balozi, 20,000. Mama mwenye mtoto wa kupelekwa hospitali ya mkoa, nauli na dawa, 35,000. Jezi za vijana, 180,000 (walitaka na mpira juu). Harusi, kadi ya mchango, 50,000. Kwaya wanataka kinanda, hapo nimeandika tu "tutaona". Mzee kaja kusalimia, 5,000. Huyo mzee alikuja kusalimia mara nne mwezi ule. Jumla ya mwezi mzima ilivuka laki nne na nusu, na posho ni laki tatu na nusu, na hapo mkopo haujakatwa. Hakuna hata mmoja kwenye lile benchi aliyekuwa mwizi, nataka hili lieleweke, walikuwa watu wenye shida za kweli na hawakuona ofisi nyingine yoyote ambayo mlango wake unafunguka alfajiri.

Kwaiyo mtu akiniuliza kama wanasiasa wanalipwa sawa na kazi yao namuuliza kwanza, yupi? Diwani kwa maoni yangu analipwa kidogo mno, ni kama tunamwambia jiongeze. Mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa ndo kabisa, hana mshahara, anagonga muhuri wako na wewe unaona uchoyo kumpa elfu mbili.

Mbunge ni habari nyingine. Mtakumbuka mwishoni mwa 2011 posho ya kikao ilivyopandishwa kutoka 70,000 kwenda 200,000 kwa siku, achilia mbali hela ya kujikimu na usafiri, na Spika wa wakati ule Anna Makinda akatetea kwamba maisha ya Dodoma yamepanda. Mwalimu na nesi walikuwa wanasikiliza redio hiyo hiyo. Mwaka huo huo mbunge Zitto Kabwe alikuwa ameshasema yeye hachukui posho za vikao, wenzake wakamnunia. 2016 Dk. Mpango akiwa Waziri wa Fedha akaja na pendekezo la kukata kodi kwenye kiinua mgongo cha wabunge, kile wanachopewa wakimaliza miaka mitano, na kelele zilizopigwa mle ndani ningependa nizisikie siku moja kwenye mjadala wa maji. Kwaiyo ndio, mbunge analipwa vizuri, vizuri sana ukimlinganisha na anayemwakilisha. Ila na yeye ana benchi, tofauti ni kwamba lake linaanzia jimboni linaishia Dodoma na simu tatu.

Kinachoniudhi mimi wala sio kiwango, ni giza. 2017 Rais Magufuli alisema hadharani mshahara wake ni milioni 9 na watu wakashangaa kama wameambiwa siri ya ndoa, sababu hatujazoea. Wenzetu Kenya wana tume ya mishahara ndani ya Katiba yao ya 2010, 2013 tume ikapanga mbunge alipwe 532,500 za kwao, wabunge wakawaka, raia wakapeleka nguruwe mpaka mlangoni mwa Bunge pale Nairobi. Sisemi tulete nguruwe. Nasema wale waligombana wakiwa na namba mkononi, sisi tunagombana kwa kukisia.

Mjomba akishapata kahawa yake hupenda kurudi kwa Mwalimu. Ile 1966 wanafunzi wa chuo walipoandamana kupinga kujiunga na JKT, Nyerere aliwatimua na hapo hapo akakata mshahara wake mwenyewe asilimia 20, alafu 1967 Azimio la Arusha likasema kiongozi asiwe na mishahara miwili wala nyumba ya kupangisha. 1991 chama kikakaa Zanzibar na hayo masharti yakalegezwa. Mjomba husimulia hii akiwa anaumia kwelikweli, nami humkumbusha kwamba duka lake lenyewe lisingeruhusiwa, ananiambia nyamaza.

Haya, ngoja nikupe ushauri, na huu nimeulipia.

Usiuze kiwanja. Kama kampeni yako haiwezi kusimama bila kuuza kitu ambacho watoto wako wanakitegemea, basi wewe bado, subiri, jenga jina kwanza kwenye kamati ya shule au mradi wa maji, watu wakujue bure. Mgombea aliyejulikana kabla nauli zake zinapungua, nimeona kwa macho.

Duka au shamba lisife. Mjomba kosa lake kubwa lilikuwa kukaa kikaoni huku duka kaachiwa kijana anayeuza sementi kwa mkopo kwa kila aliyesema "mheshimiwa ananijua". Mwaka wa pili rafu zilikuwa na misumari tu. Na hapo ndo hatari inapoingia, sikiliza vizuri, maana wengi mnadhani mtu anaingia kwenye siasa akiwa na roho ya wizi. Wapo. Lakini wengine wanaingia wasafi na deni, na deni lina subira kuliko wewe. Mjomba alikuwa kwenye kamati ya fedha ya halmashauri, jioni moja mkandarasi wa kalavati akapita nyumbani akaacha bahasha, "ya soda". Ilikaa juu ya kabati usiku mbili. Mi nilikuwepo, niliona anavyoiangalia wakati wa kula, rejesho la benki lilikuwa Ijumaa. Siku ya tatu akanituma niirudishe na nikairudisha. Ningependa nikwambie alirudisha zote, ila mi hiyo moja tu ndo ninayoijua.

Benchi usilifukuze, ukilifukuza umekwisha, ila lipunguze kwa akili. Tulichelewa kuligundua hili. Badala ya kumpa mama yule yule hela ya dawa kila wiki, tulikuja kuanza kuwasaidia watu kukata kadi ya CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, ilikuwa elfu 30 kwa kaya ya watu sita mwaka mzima, ukisaidia nusu na yeye akatoa nusu harudi tena Jumatatu. Vijana wa jezi tukawaambia undeni kikundi mkaombe mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa vikundi, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Wengine walinuna, wakasema mheshimiwa kabadilika. Vikundi viwili vilipata na kimoja bado kinafuga kuku mpaka leo, ndo karibu jambo pekee kwenye lile daftari ambalo halikuliwa likaisha. Na panga kabisa kiasi chako cha kutoa kwa mwezi, kikiisha sema kimeisha, hata kama anayeomba ni mama mkwe.

Na wewe usiyetaka kugombea, acha kujifanya hayakuhusu. Ile buku tano uliyopokea kwenye kura za maoni ipo kwenye daftari la mtu, imeandikwa, na itatafutwa.

2020 mjomba alianguka kwenye kura za maoni, wa tatu kati ya wanne. Asubuhi yake benchi lilikuwa na mtu mmoja, yule mzee wa kusalimia, nadhani hakuwa na habari. Baada ya wiki kuku wakaanza kulala chini yake.

Nilimuuliza siku moja, tukiwa tunarudi msibani kwa miguu, ilikuwa na faida gani. Nilitegemea aniambie kalavati, maana lile kalavati kweli lipo na watoto hawavuki tena mto wamebeba viatu mkononi. Hakulitaja. Akasema, "Mjomba, we hujawahi kuingia msibani watu wakasimama." Akanyamaza mpaka tunafika. Nimefikiria sana lile jibu, kuliko hesabu zote nilizoandika, maana hiyo huwezi kuipangia posho na wala huwezi kuikata kodi.

Mwaka 2025 fomu zilipotoka akanipigia simu. Kabla hajafika mbali nikamwambia mi safari hii simo, nina watoto wawili shule. Akauliza lile daftari bado lipo? Nikamwambia lipo, ila limejaa mpaka kwenye gamba.

Kimya kidogo. Alafu akasema, "Kaunta buku ni buku tatu tu, mjomba."