Muulize Shangazi: Kaoa, kapata mapacha, hela ya mtoto kaipunguza

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi nipo Mbagala, nina mtoto wa kiume wa miaka 9, baba yake tuliishi wote miaka minne hatukufunga ndoa ila cheti cha kuzaliwa kina jina lake. Tulipoachana tulienda Ustawi wa Jamii tukakubaliana awe anatuma 150,000 kila mwezi na kweli alikuwa anatuma, sina la kumsema hapo. Mwaka juzi kahamia Singida kikazi, ni dereva wa kampuni, kaoa huko, mke kaja na mtoto wake mmoja halafu wamepata mapacha. Sasa mwezi wa tatu huu anatuma 60,000. Nikimuuliza kanitumia picha ya karatasi kaandika kwa peni, mshahara mkononi 540,000, toa kodi ya nyumba, toa mkopo, inabaki 360,000, tupo watu sita, yeye, mke, mapacha, mtoto wa mke na mwanangu, gawa kwa sita kila kichwa 60,000. Anasema hiyo ndo sheria, mtoto wa nje hawezi kula kuliko wa ndani. Halafu Singida maisha rahisi kwa hiyo nisimletee bei za Dar. Shangazi ni kweli sheria inagawa hivyo? Na nikimnyima kumuona mtoto mpaka alipe nakosea? Mama J.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo karatasi itunze vizuri, usiifute kwenye simu, maana huyo bwana kajiandikia ushahidi mwenyewe na ntakuonyesha wapi.

Kwanza hakuna sheria Tanzania inayosema chukua mshahara gawa kwa vichwa. Hamna asilimia wala jedwali. Zamani kidogo kulikuwa na kiwango kweli, ile sheria ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa ilikuwa inataja shilingi 100 kwa mwezi, mia moja mwanangu, hata andazi leo hupati, ikafutwa ilipokuja Sheria ya Mtoto ya 2009. Hii ya sasa haitaji kiwango, kifungu cha 44 kinampa hakimu vitu vya kuangalia: kipato na mali za wazazi wote wawili, kama anayetakiwa kulipa uwezo wake wa kutafuta umepungua labda kaumwa, watoto wengine anaowatunza, gharama za maisha sehemu anayoishi mtoto, na haki za mtoto mwenyewe. Basi. Na hayo maneno ya wa nje na wa ndani ayaache hukohuko barabarani, mahakamani ni watoto wake tu wote.

Sasa tuisome karatasi yake. Mapacha wanahesabiwa, hapo tusidanganyane, ni watoto wake na hakimu lazima awaangalie, kwa hiyo usiende pale ukitegemea itabaki 150,000 kama vile hakuna kilichotokea. Mtoto wa mke naye kama kampokea kama wa nyumbani Sheria ya Ndoa ya 1971 inampa jukumu lakini ni pale ambapo wazazi wenyewe wa huyo mtoto wameshindwa, kwa hiyo swali la kwanza atakaloulizwa ni baba yake huyo mtoto yuko wapi na anatoa nini. Mke mtu mzima mwenye mikono miwili kumuweka sahani moja na mtoto wa darasa la tatu, hapo mimi nilicheka. Na yeye mwenyewe kajihesabu kama mtoto!

Halafu huo mkopo. Ulipoandika mara ya pili ulinitajia ana bodaboda mbili Singida na kwamba mkopo ndo ulizinunua. Haya, umemuona? Katoa rejesho la mkopo kwenye hesabu lakini pikipiki zenyewe kazificha. Huwezi kukata mkopo ukaacha hela inayoletwa na mkopo. Sheria inasema kipato na mali, haijasema mshahara peke yake. Tuseme kila boda inaleta hesabu 8,000 kwa siku, mbili 16,000, siku 26 ni 416,000, toa matengenezo na tairi tuseme 76,000, inabaki 340,000. Jumlisha na 540,000 tunafika 880,000. Hata ukimtolea hilo rejesho hapo, bado siyo mtu wa 360,000 tena.

Upande wako sasa, maana mahakama itakuuliza na wewe, usiende na domo tupu. Chukua daftari uandike mtoto anakula nini kwa mwezi, siyo wewe, mtoto. Kwa ulivyonieleza chakula cha nyumbani 3,000 kwa siku ni 90,000. Nauli, uji na tuisheni 1,500 kwa siku za shule 22 ni 33,000 (ada hakuna shule za serikali tangu 2016 lakini sote tunajua mtoto haendi shule na ada tu). Sare, viatu na madaftari 120,000 kwa mwaka, sawa na 10,000 kwa mwezi. Dawa 12,000. Chumba na sebule unalipa 120,000, mtoto mpe theluthi, 40,000. Jumla 185,000. Saluni yako uliyonitajia inakubakishia kama 300,000, yeye ana karibu mara tatu yako, kwa hiyo mkigawana kwa uwezo yeye anabeba robo tatu, kama 139,000 hivi, halafu hapo ndo mapacha wanaingia kuishusha kidogo. Sijasema hakimu ataandika namba hiyo, mimi siyo hakimu, ila ndo njia ya kufikiria, unaanzia kwenye mahitaji ya mtoto unaenda kwenye mifuko ya wazazi, huanzii kwenye kilichobaki baada ya baba kumaliza mambo yake. Kwa hesabu yoyote ya hivyo mimi 60,000 siioni.

Na Singida kuwa rahisi haimsaidii, nimekuambia kinachoangaliwa ni gharama za sehemu anapoishi mtoto. Mtoto anakula sembe ya Mbagala.

Cha kufanya: rudi Ustawi na makubaliano yenu ya zamani, waambie kapunguza mwenyewe bila kukaa kikao. Yale makubaliano mazuri lakini siyo amri ya mahakama, ndo maana kayavunja kirahisi hivyo, safari hii omba mfike mahakamani iandikwe. Yeye kama maisha yamebadilika kweli haki yake ilikuwa kuomba kiwango kiangaliwe upya, siyo kuamka asubuhi akakata. Beba cheti cha kuzaliwa, hiyo picha ya karatasi, na uchapishe miamala ya simu ya miaka yote aliyokuwa anatuma, inaonyesha 150,000 aliiweza. Kadi za pikipiki ziko jina la nani? Kama kaandikisha kwa jina la kaka yake tafuta mtu anayejua nani anapokea hesabu jioni. Wakili kama huna hela, kuna msaada wa kisheria wa bure, TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) na WLAC (kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake) wapo Dar hapo na kesi za hivi ndo zao.

Kumnyima mtoto usithubutu. Kumuona baba ni haki ya mtoto siyo risiti ya malipo, na ukifanya hivyo utampa yeye cha kukushtakia.

SWALI: Shangazi mambo, mimi ndo yule mke mpya kwenye hizi stori zenu, siyo huyo wa Singida, wa kwangu Morogoro. Mimi ni mwalimu. Mzazi mwenzie na mume wangu anataka mshahara wangu nao uhesabiwe kwenye matunzo ya mtoto wake. Ni halali?

JIBU: Poa mwalimu. Hapana, mtoto huyo wazazi wake ni wawili na wewe siyo mmojawapo, vipato vinavyopimwa ni vyao. Ila mumeo asiende mahakamani akasema kodi yote, umeme wote na watoto wote ni yeye peke yake wakati nusu unalipa wewe, maana hapo mshahara wako utaingia kwa mlango wa nyuma, ataulizwa nyumbani nani anachangia nini na itabidi ajibu. Kaeni kwanza muandike nani analipa nini kabla hamjafika huko mahakamani.