Jibu: Kutembea msituni na watoto wakati wa kusi

Dada, umeuliza kama inafaa kuwapeleka watoto kutembea msituni Julai hii, au msubiri kaskazi jua lirudi. Msisubiri! Huu ndio wakati bora kwetu Mombasa. Mchana joto ni kama nyuzi 27 au 28 tu, ilhali Februari mtoto huchoka kabla hajafika popote.

Nendeni Shimba Hills, Kwale. Kule juu ni zaidi ya mita 400 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo asubuhi mnaweza kukuta ukungu na kijibaridi cha kweli. Kila mtoto awe na sweta, na koti jepesi la mvua, maana manyunyu ya kusi hayapigi hodi. Njia niipendayo ni ya maporomoko ya Sheldrick. Mnateremka pamoja na askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya (bila yeye msiende, kuna ndovu) hadi kwenye maji yanayoanguka karibu mita 21. Baada ya masika maji huwa mazuri mno, lakini udongo unateleza, hasa mkipanda kurudi. Makubazi yaacheni nyumbani, vaeni viatu vyenye meno. Na muulizeni askari kuhusu palahala, wale swala wakubwa wenye pembe ndefu zilizopinda. Kenya nzima wako huko tu.

Lipieni kiingilio kwa eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, kabla ya kutoka, na mvuke feri mapema.

Mdogo wenu akiwa hawezi kile kilima, anzeni na njia za Haller Park, Bamburi. Kule ni tambarare na kuna kivuli.