Homa ile haikuwa malaria

Mdogo wangu alipochomwa haloperidoli, dawa ya ugonjwa wa akili, alikuwa hajalala siku nne, anazunguka mtaa mzima akihubiri. Sindano zilimtuliza, tukashukuru. Siku ya tano akaanza kuchemka. Tukasema malaria, nani asingesema? Kipimo hakikuonyesha kitu, tukampa dawa hivyo hivyo.

Kesho yake mwili ulikakamaa. Kumkunja mkono ilikuwa kama kukunja bomba. Jasho linamtiririka, moyo unakwenda mbio, hasemi, mate yanamtoka, na mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi. Mama mdogo alishamwita shehe aje kumsomea. (Simlaumu, hata mimi niliitikia dua.)

Madaktari hali hiyo huiita NMS (neuroleptic malignant syndrome), yaani mwili kudhurika na dawa za ugonjwa wa akili kama haloperidoli. Hutokea mara chache, lakini inaua. Dawa hizo huzuia dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia kuongoza misuli, misuli inakaza bila kuachia, joto linapanda, na misuli ikimeguka taka zake huziba figo. Ndiyo maana ya ule mkojo.

Kwa hiyo mgonjwa wako akipata homa, akakakamaa na kuchanganyikiwa, usimpe dozi inayofuata na usingoje kupambazuke. Mkimbize hospitali kubwa na mfuko wa dawa zake zote. Taja tarehe ya sindano ya mwisho, hasa ile ya mwezi, maana hiyo hukaa mwilini wiki kadhaa na haitoleki.

Wetu alisimamishiwa dawa, akawekewa dripu, akapozwa mwili, akapewa lorazepamu ya kutuliza na bromokriptini ya kufanya kazi ya dopamini. Homa ilishuka, figo zikapona. Yeye akabaki gogo: macho wazi, hali chakula, hasemi. Hapo daktari akataja shoti ya umeme kichwani, tiba ya kuamsha degedege kwa makusudi. Mama aliinuka akatoka nje.

Mimi nilibaki nikauliza, na wewe uliza. Anapigwa akiwa macho? Hapana, anapewa nusu kaputi na dawa ya kulegeza misuli, degedege lenyewe halizidi dakika moja au mbili. Swali lililonisaidia zaidi nilimuuliza mtaalamu wa usingizi: atatumia dawa gani ya kulegeza? Akanieleza kuwa ile iliyozoeleka inaweza kupandisha potasiamu, madini ya kwenye damu, ghafla kwa mtu ambaye misuli yake imemeguka, na moyo ukasimama. Alikuwa ameshachagua nyingine. Asingeweza kunijibu, nisingesaini.

Walimpiga mara tatu kwa wiki. Baada ya ya tatu aliomba uji. Mama, aliyekuwa hataki kuingia wodini, ndiye aliyemnywesha. Zilifika nane kwa jumla, na kila moja ilimwachia kichwa kinachouma na usahaulifu.

Ugonjwa wa akili wenyewe haukuondoka. Walisubiri zaidi ya wiki mbili tangu apone NMS, wakamwanzishia dawa ya aina nyingine kwa dozi ndogo, wakimpima joto kila siku. Kwenye kadi yake ya kliniki tumeandika kwa wino mwekundu: ASICHOMWE HALOPERIDOLI. Mwezi ule haukumbuki kabisa. Tukimwambia shehe alikuja nyumbani, anatubishia.