Usiache dawa kwa sababu ya jina la kwenye kadi

Jumanne iliyopita nilipewa majibu ya kipimo cha wingi wa virusi vya UKIMWI: havionekani. Nililia pale pale kwenye benchi, na nusu ya machozi yale ilikuwa hasira. Mwaka 2023 nilikaa miezi mitano bila dawa, mimi niliyekuwa nikiwahimiza wenzangu wameze.

Usiku ule dada mmoja wa Mbale akaniandikia: "Nimeanza homoni za kike, nimeambiwa ARV, dawa za virusi, zitaziua. Niache zipi?" Usiache chochote, dada yangu. Nisikilize kwanza.

Mimi ni mwanamke transi, yaani nilizaliwa nikaitwa mvulana, mzaliwa wa Busia, naishi Kampala. Kadi yangu ya kliniki ina jina alilonipa baba. Sheria ya Uganda ya kupinga ushoga ilitiwa saini Mei 2023, na wiki chache baadaye musawo mmoja, yaani mhudumu wa afya, akaliita jina hilo kwa sauti kubwa, mara tatu, mbele ya foleni nzima. Nikasimama na gauni langu. Watu wakageuka, wengine wakacheka, mzee mmoja akasema polisi waitwe. Nikatoka mikono mitupu, nikapanda boda. Nitakwenda wiki ijayo, nilijiambia. Hadi leo nikipita barabara ile tumbo linanikata.

Na nilijipa sababu nyingine: eti ARV zinakula homoni. Neno hilo lina asili yake. Efavirenzi, iliyokuwa kwenye dawa za zamani, hupunguza estrojeni, ile homoni ya kike, mwilini. Lakini wengi wetu siku hizi tunameza kidonge kimoja chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, na dolutegraviri haigombani na estrojeni. Zinazogombana na dolutegraviri ni baadhi ya dawa za kiungulia, hasa zile zenye magnesi au alumini. Hapo umeze kidonge chako cha ARV saa mbili kabla ya dawa ya kiungulia au saa sita baada yake. Mimi nilikuwa nikizimeza pamoja, na hakuna aliyeniuliza.

Aliyenirudisha ni musawo wa kliniki nyingine, mama wa makamo. Alifunga mlango, akauliza, "Mwanangu, nikuite nani?" Akaandika jina langu kwa penseli pembeni mwa kadi. Virusi vilikuwa vimefika 41,000 kwa mililita. Hakunigombeza. Nikaenda kwake kwa nasaha kila mwezi, na kipimo kilichofuata kikashuka.

Kwa hiyo tafuta musawo mmoja. Si lazima kliniki nzima ikupende. Mapema 2025 Marekani iliposimamisha misaada, kituo tulichokizoea kilifungwa, na sasa napanga foleni na wazee wa presha na sukari. Niliogopa sana. Kumbe katika foleni ile hakuna anayejua umefuata nini, nami nimeipenda kuliko ile ya zamani.

Wengine mnaniambia mnaogopa musawo atawaripoti. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliibakiza sehemu kubwa ya sheria ile, na jambo hilo linaniuma, lakini kifungu kilicholazimisha watu kuripoti ilikifuta. Musawo hana wajibu wa kukupeleka polisi.

Ndugu zangu, mezeni dawa. Wakikuita jina lisilo lako, meza. Wakikucheka, lia ukifika nyumbani, kisha meza. Virusi visipoonekana kwenye kipimo humwambukizi mpenzi wako kwa ngono, na mwili wako unabaki na nguvu ya kuwa vile unavyotaka kuwa. Miezi mitano niliyowapa wale waliocheka sitarudishiwa.

Dada wa Mbale, fika asubuhi kabla foleni haijajaa. Mwombe musawo mzungumze pembeni, umwonyeshe homoni zako zote, hata ulizonunua kwa siri, pamoja na pakiti ya ARV asome kilichomo. Muulize kipimo chako cha mwisho kilikuwa lini. Kisha niandikie.