Wanyama wa Kilimanjaro hawapandi juu kama mnavyodhani. Ninachokiona, msitu unashuka

Mkuu mleta uzi, umeuliza kama ni kweli kwamba joto likizidi, miti na wanyama wa mlimani hupanda juu kufuata baridi, mpaka siku moja waishiwe na mlima. Wengi wamekujibu ndiyo, wengine wameishia kubishana kuhusu barafu. Mimi ni wa hapa Moshi. Mlimani nilianza kama mgumu mwaka 2006, nikibeba mizigo ya wageni, baadaye nikapata leseni ya kuongoza. Naomba nikujibu kwa nilichokikanyaga.

Barafu tuimalize haraka. Inakwisha, hilo halina ubishi. Ukilinganisha na ilivyopimwa mwaka 1912, zaidi ya asilimia 80 imeshakwenda. Inauma kuiangalia. Lakini wanaosema mifongo, ile mifereji ya maji ya vihamba (mashamba ya migomba) vyetu, inakauka kwa sababu ya barafu wanakosea mlango. Maji yale kwa sehemu kubwa sana yanatoka kwenye msitu, kwa mvua na kwa ukungu.

Huo ukungu ndio nataka uuelewe. Ukipita Mandara, kambi ya kwanza ya njia ya Marangu, asubuhi, kwenye mita 2,800 hivi, unakuta erika, mmea wa mlimani wenye majani madogo membamba, nayo ni mikubwa, miti kabisa, imefunikwa na zile ndevu za kijivu zinazoning'inia. Mvua hakuna, ila ukisimama chini ya mti kofia inalowa. Kila unywele wa ndevu una tone kwenye ncha, tone linanenepa, linaanguka, jingine linaanza. Ardhi ni sponji, kiatu kinazama. Sasa tembea mpaka mahali palipoungua. Ukungu ni uleule, unakupita usoni hivihivi, lakini hauna pa kushika. Chini ni vumbi na vijiti vyeusi.

Kuna mtafiti wa mimea, Andreas Hemp, ambaye ameufuatilia mlima huu miaka mingi. Mwaka 2005 aliandika jambo ambalo sisi wa njiani tulikuwa tunaliona bila kulitaja: mpaka wa juu wa msitu haupandi, umeshuka kwa mamia ya mita, na kinachoushusha ni moto. Alihesabu kilomita za mraba zipatazo 150 za msitu wa ukungu zilizopotea kwa moto ndani ya miongo mitatu. Na akasema wazi kwamba hasara hiyo ni kubwa kuliko ya barafu, ila barafu ndiyo inayopigwa picha.

Hapa ndipo tabianchi na binadamu wanaposhikana mikono. Ukame hauna kiberiti. Anayewasha ni mrina asali, mwindaji, mpishi aliyeacha kaa, mtu na sigara yake. Zamani cheche ilikufa kwenye majani mabichi. Sasa mvua ni chache kuliko za wakati wa babu zetu, ikidondoka mwezi wa kumi inakimbia. Oktoba 2020 moto ulianzia upande wa Whona, kati ya kambi za Mandara na Horombo, ukawaka siku kadhaa, mamia ya watu wakapanda kuuzima. Huku mjini usiku tulikuwa tunauona kama mkufu mwekundu shingoni mwa mlima. Oktoba 2022 ukawaka tena, upande wa kambi ya Karanga. Erika si mnyonge, hukata tamaa polepole: ikiungua huchipua kutoka shinani. Lakini moto ukirudi kabla haijawa mti, inabaki kichaka miaka yote, na kichaka hakikamati ukungu kama mti.

Wanyama sasa. Mbega anaishi kwa kuruka tawi hadi tawi na kula majani ya msituni. Vichaka vya erika havimfai, kwa hiyo msitu ukishuka naye anashuka, na huko chini anakutana na migomba na mbwa. Perere, yule mnyama mdogo wa mitini anayelia usiku kama mtu ananyongwa (wageni wa Mandara hutoka vitandani), anataka miti yenye matundu. Minde, swala wa msituni ambaye dunia nzima yupo Tanzania tu, mimi nimemwona mara moja katika miaka yote hii, sekunde tatu, makalio yake. Mitego ya waya tumeikuta mara nyingi zaidi. Tembo wa kutoka Amboseli nao wamebakiwa na ushoroba (njia ya wanyama) wa Kitendeni, upande wa kaskazini magharibi, huku mashamba yakiubana.

Wapo waliopanda, nisiseme uongo: kunguru wa shingo nyeupe. Hao wamefuata sisi, hawakufuata baridi. Pale kwenye mwamba wa Lava Tower nimemwona mmoja akishika kishikio cha zipu ya begi kwa mdomo, akarudi kinyumenyume, zipu ikafunguka, akatoa biskuti na kuacha soksi. Na nikiri, sisi wagumu wa zamani ndio tuliowafundisha. Nilikuwa nawarushia mifupa ya kuku ili mgeni apate picha, na bakshishi ilikuwa nzuri. Panya wa milia wa Horombo hali kadhalika, anapita juu ya kiatu chako kama mwenye nyumba.

Kwa hiyo mkuu, kama unapanda Januari kwa njia ya Marangu, siku ya pili ukishaipita kreta ya Maundi, usikimbilie kukitafuta kilele cha Kibo. Angalia mashina yaliyokauka yaliyosimama katikati ya vichaka vya usawa wa kiuno. Hapo palikuwa msitu. Mwongozaji wako akikuambia ndivyo palivyo siku zote, muulize ameanza kazi mwaka gani.