Re: Izakaya niliyoizoea imefungwa, sasa nile wapi Tokyo?

Pole mkuu kwa kufungiwa izakaya yako, yaani kibaa cha Kijapani cha kunywa na kula. Ile karatasi ya shukrani ya kuaga wateja uliyoikuta mlangoni hata mimi niliwahi kuikuta, kule Akabane, kaskazini mwa Tokyo. Mzee wetu, mpishi mwenye kijiwe, alikuwa na miaka sabini na kitu, mgongo umechoka, watoto wana kazi zao za ofisini, hana wa kumwachia jiko. Izakaya nyingi za namna ile zinakwenda hivyo hivyo huku wateja bado wapo.

Kosa langu lilikuwa kukimbilia Tabelog, tovuti ambayo wateja wanaipa migahawa alama, juu kabisa ni 5. Wajapani ni wachoyo wa alama: ukiona 3.5 hapo ni pazuri, na kijiwe kitamu cha mtaani kinaweza kukaa na 3.1 miaka yote, maana wazee wanaokula pale hawaandiki chochote mtandaoni. Nikaenda sehemu yenye alama kubwa, unaagiza kwa kishikwambi. Karaage, yaani kuku wa kukaanga, ikaja nje inaunguza, katikati baridi.

Kilichonisaidia ni watu. Nilikutana stesheni na bwana mmoja tuliyezoea kukaa naye kaunta, nikamuuliza siku hizi anakula wapi. Akacheka, akanipeleka. Kumbe nusu ya wale wateja walishahamia kijiwe cha viti tisa, uchochoro wa pili nyuma ya stesheni! Kwa hiyo watafute wenzio kwanza. Na kama mpishi wako bado anaishi mtaani, muulize yeye alikuwa anakula wapi siku yake ya mapumziko. Hao wanajuana.

Ukiingia mahali pageni usijaze meza. Mimi naanza na sunagimo, yaani firigisi, mishikaki miwili, kwa chumvi. Ukisema tare, ule mchuzi mtamu wa soya unaficha mengi. Firigisi nzuri inalia kidogo jinoni halafu inakatika, haina shombo, na mkaa umeibabua pembeni tu. (Mimi mtu wa Tanga, nimekulia kwenye moshi wa mishikaki, hapo hunidanganyi.) Kisha naagiza dashimaki, mayai ya kukunja yaliyochanganywa na supu ya dashi. Bonyeza kipande kwa vijiti: supu ikichuruzika, jua jikoni kuna mtu. Yakija makavu kama sponji, maliza kinywaji, lipa, aga kwa adabu.

Soma pia ubao wa vyakula vya siku, hata kama ni kwa kumuonyesha mhudumu kidole. Ukiwa na samaki wale wale Julai na Januari, hao wametoka friza.

Kile kibakuli kidogo ulicholetewa bila kuagiza, ukaja hapa kulalamika, ni otoshi. Mara nyingi ni yen 300 hadi 500, ndiyo kama ada ya kiti. Usigombane nao, kionje tu. Mpishi anayehangaika na otoshi kwa kawaida hata mengine hayafanyi ovyo.

Shinjuku na Shibuya, ukifuatwa na mpiga debe njiani, pita kama humsikii. Mwenye chakula kizuri hana haja ya kukuvuta mkono, na bili ya huko inaweza kukutoa jasho.

Umesema hunywi. Agiza chai ya oolong, hakuna atakayekushangaa. Ila kwa wanaochunga halali nasema ukweli: kuku ni wa kawaida tu, si wa kuchinjwa kihalali, na mirin na sake, pombe za mchele, zimo kwenye mapishi mengi hata usipoona chupa ya pombe.

Kile kijiwe cha viti tisa nacho si kamili. Saladi yao ya viazi wanatia sukari, siiwezi. Ya mzee ilikuwa na haradali, nimejaribu kuitengeneza nyumbani mara nne na bado haijakaa sawa.

Wewe uko upande gani? Kama ni laini ya Keihin-Tohoku, nicheki inbox. Ijumaa huwa nipo, lakini fika kabla ya saa kumi na mbili na nusu jioni, baada ya hapo utasimama nje.