Harusi Haiko Mwisho wa Hadithi

Wadogo zangu, nimesoma mlichoandika kwenye kundi la familia: kwamba mimi dada yenu naishi Bremen, Ujerumani, mji wa hadithi, kwa hiyo mchango wa harusi kwake si kitu. Limeniuma.

Hadithi mnazozijua ni za filamu, za gauni na kasri. Wajerumani wenyewe walisimuliana mambo machungu. Ndugu wawili wa Grimm, wakusanyaji wa hadithi, walipochapa kitabu chao mwaka 1812, aliyetaka watoto Hansel na Gretel wakatupwe msituni kwa ajili ya njaa alikuwa mama yao mzazi. Wakawa wanalainisha kila toleo, hata kufikia 1840 mama akageuka mama wa kambo.

Hapa karibu na ukumbi wa mji ipo sanamu ya punda, mbwa, paka na jogoo wa hadithi yao nyingine. Watalii humshika punda miguu wakiomba bahati. Punda yule alibeba magunia kinuni miaka mingi, na nguvu zilipomwisha bwana wake hakutaka tena kumlisha. Akakimbilia Bremen, wala hakufika.

Na ya kwetu mmeisahau? Ile ya Sultani Darai, ambayo mmisionari Mwingereza Edward Steere aliikusanya Unguja akaichapa 1870. Maskini Hamdani alikuwa akipekua jaani. Paa aliyemnunua akampatia mali, nyumba na binti wa sultani. Paa alipougua, Hamdani akaamuru apewe uji wa mtama. Paa akafa, akatupwa kisimani, na Hamdani akajikuta yuko jaani tena. Hadithi za kasri huishia harusini. Hii yetu harusi iko katikati, ubaya unakuja baadaye.

Mimi nasafisha vyoo vya hoteli tangu alfajiri. Wiki iliyopita nilikuwa na homa, nikapokea simu za kuomba hela tu. Hata mmoja hakuniuliza nimekula nini. Hapo ndipo nilipomkumbuka paa, nikalia.

Msije huku. Baridi na upweke vitawamaliza. Lakini wewe kitinda mimba, ukishapata cheti chako cha ufundi na viza halali, njoo, chumba changu ni chako. Usikope nauli kwa mtu, wala usiuze shamba la mama.

Acheni kuniomba kila siku. Mama akiumwa, nipigieni hata saa nane za usiku, nitatafuta.

Ada za watoto zitakuja mwisho wa mwezi kama kawaida. Mchango wa harusi sina.